Wanataka Nifungue Nisichokifunga

Jina la aliyetuandikia tunalo na litabaki mezani kwetu. Maneno yote ni yake.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mama wa binti mmoja, na nina mimba ya miezi minne. Tunaishi katika kijiji cha ujamaa karibu na Kiabakari. Nilisoma hadi darasa la nane, na jioni nawafundisha akina mama kusoma na kuandika. Barua hii nimekuja kuitia posta Musoma, maana kwetu barua hupita mikononi mwa binamu ya mume wangu.

Mume wangu ni bwana shamba wa pamba. Kwa urefu ananifika begani, na hilo si kosa lake, nilipokubali kuolewa naye sikuwa kipofu. Kosa lake ni baiskeli. Siku alipokabidhiwa alichukua spana akakipandisha kiti mpaka bomba likakaribia kuchomoka, ncha ya kiti akaielekeza juu, ili wakulima wamwone mrefu akipita. Miguu haifiki vizuri kwenye pedeli, kwa hiyo kila akikanyaga nyonga zinayumba huku na huku, na uzito wake wote unakalia pale pale. Anakwenda hivyo hadi Butiama, siku nyingine hadi Bunda, na kaptula yake ya kaki imembana. Akishapita wakulima wanacheka. Yeye anadhani wanamshangilia.

Haukupita mwaka akaanza kulalamika kwamba huko chini kunakufa ganzi. Mara mkojo unamchoma. Baadaye mambo ya mke na mume yakakoma kabisa. Mchana anasimama mkutanoni kuwafundisha watu kujitegemea, na nyumbani kuna mahali pake hapajitegemei. Mnisamehe wasomaji, nina hasira. Mwanzoni sikumcheka hata kidogo. Nilimbembeleza twende zahanati, na ndani niliingia naye.

Tabibu alimpima, akamuuliza kazi yake, kisha akatoka kuitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Alirudi anatikisa kichwa.

"Bwana shamba, hicho kiti ndicho kinakubana mishipa, damu haipiti vizuri. Kishushe, kilaze, halafu baiskeli iache kwanza miezi miwili. Tembea. Kunywa maji, na usibanebane mkojo njiani. Usipoona nafuu nitakuandikia uende hospitali Musoma."

"Nitembee mimi? Kama mchunga ng'ombe?"

"Wachunga ng'ombe wanapataga watoto," tabibu akamjibu.

Mume wangu alitoka pale akisema tabibu ni mtoto mdogo hajui kitu. Wiki ile ile, mtumishi wa serikali mzima, akaenda kwa mganga upande wa Bunda, na jogoo mweupe kamfunga nyuma ya baiskeli. Mganga akamwambia amefungwa na mtu wa nyumbani kwake. Nyumbani kwake tuko mimi na mtoto wa miaka minne.

Halafu tairi ikapasuka. Madukani hakuna tairi, ushirikani hakuna, miezi mitatu akatembea kwa miguu huku akinung'unika njia nzima. Mwezi wa pili wa kutembea akawa mume tena, na ndipo nikapata mimba hii. Nilifurahi, nikamwambia, "Umeona sasa? Ni kiti." Akasema ni dawa ya mganga. Dawa yenyewe niliikuta ameimwaga nyuma ya nyumba kwa sababu ni chungu.

Tairi ilipopatikana, kiti kikarudi juu. Haukupita muda ganzi ikarudi, naye akarudi kwa mganga. Safari hii alikuja nyumbani na mama yake na kaka zake wawili.

"Mwanangu alikuwaga dume," mama mkwe akaniambia. "Wewe mwanamke unamlishaga nini?"

"Mama, tabibu alisema ni kiti cha baiskeli."

"Unanitukania mtoto wangu kwa chuma?"

Mume wangu alikaa pale anakagua kucha zake. Maneno ya tabibu aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe, anajua kila kitu. Tangu siku ile namdharau, na sioni aibu kuandika hivyo.

Wameamua kikao cha wazee kiwe baada ya watu kuuza pamba. Wanataka nisimame mbele yao nifungue nilichokifunga, pombe inywewe, yaishe. Nikikataa nirudi kwa baba yangu, binti abaki, na huyu wa tumboni watamfuata akishaacha kunyonya. Nikikubali, nimejiita mchawi kwa mdomo wangu, na binti yangu atakua akiitwa mtoto wa mchawi. Nikisema kweli, nimemvua mume wangu nguo mbele ya baba zake, na tabibu ambaye angenisaidia amehamishwa.

Mara mbili nilikishusha kile kiti, mara mbili akakipandisha, kisha akaificha spana. Juzi nilipokuwa nafua nimeikuta mfukoni mwa kaptula yake.

Wasomaji, katika nyumba ile mimi sijafunga kitu ila mdomo wangu. Kilichofungwa ni nati moja, na aliyeikaza ni yeye. Kwenye kikao atakuja na baiskeli, maana kutembea kwake ni fedheha. Nafikiria kusimama mbele ya wazee, nikifungue kile kiti, nimkabidhi mama yake mkononi. Lakini nikifanya hivyo huenda binti yangu nisimwone tena.

Nishaurini, nifanye nini? Wamesema nifungue, na spana ninayo.