Akiba ya Perrine

Tarehe 3 Machi 1651, Perrine Haloppe, mke wa mfumaji wa kitani mjini Laval, aliletewa mtoto wa hakimu amnyonyeshe. Mwanawe mwenyewe, Ambroise, alikuwa na wiki mbili. Ziwa moja akampa mgeni, la pili mwanawe. Aliyenenepa ni mgeni.

Mgeni huyo, Hilaire de Courvaudon, akawa wakili, kisha msimamizi wa kodi wa jimbo, mwishowe waziri wa fedha wa mfalme. Kila alipopanda cheo, Ambroise alimchokoza mama yake.

"Mama, si umwombe ndugu yangu japo paa jipya? Hili linavujia kwenye supu."

"Afadhali, supu yenyewe ilikuwa nzito. Ombi ninalo moja tu, Ambroise. Akiba haiozi."

Vita vikala hazina, waziri akapandisha bei ya chumvi. Wanaume wa Laval wakawa wanavuka mpaka kwenda Bretagne, ambako chumvi haikutozwa kodi, wakirudi nayo kwa magendo. Oktoba 1693 Ambroise alikamatwa mara ya pili, gunia mgongoni. Akahukumiwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme hadi afe.

Perrine akaona siku ya akiba imefika. Akaenda Paris kwa miguu. Langoni kwa waziri, wapagazi walikuwa wakitoa viti.

"Bibi, kama unamdai, panga foleni," bawabu alisema. "Kama unaomba, umechelewa. Mfalme kamfukuza kazi asubuhi hii."

"Mwambie mama yake amekuja."

"Mama yake alishakufa."

"Huyo ni aliyemzaa. Mimi nilimnyonyesha."

Hilaire alikuwa amekaa juu ya kasha, chumba kitupu.

"Mama Perrine! Watu wote wamenikimbia, umekuja wewe."

"Ambroise yuko kifungoni, mwanangu. Kwa chumvi. Nipe msamaha wake."

"Mhuri wameuchukua, mama. Jana neno langu moja lingetosha. Miaka yote hiyo, mbona hukuniomba kitu?"

"Nilikuwa nakuweka akiba."

Perrine akaketi kashani kando yake, na waziri akamlalia mapajani, akalia kwa sauti. Perrine akampapasa nywele, maana mkono ulishazoea, huku macho yake yakiwa mlangoni.

Alhamisi iliyofuata, Ambroise alifungwa shingoni kwenye mnyororo wa wafungwa, wakaondoka Laval kwenda Marseille kwenye merikebu. Perrine alikuwa bado njiani kurudi.