Nilivyomwacha Baba Kwenye Mwamba

Baba yangu hali samaki. Hata harufu yake haivumilii. Mke wangu akikaanga perege hapa kwetu mtaa wa Sakina, Arusha, siku ambayo mzee ameshuka kutoka mlimani, basi mzee anabeba kiti chake hadi nje, kwenye vumbi la barabara ya Nairobi, na anasema anapunga upepo. Waarusha wengi wa umri wake wako hivyo. Ng'ombe wapo, kondoo wapo, maziwa yapo, sasa mtu aende kumtafuta kiumbe asiye na miguu kwa sababu gani? Kwa hiyo siku aliponiambia anataka twende wote Tanga aone ninavyovua, nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Alikuwa amepita miaka sabini na bahari hajawahi kuiona. Mama alikataa kabisa, akasema mzee mwenye magoti mabovu anakwenda kufanya nini kwenye maji. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, nitamshika mkono. Ndivyo nilivyosema, na alinisikia vizuri.

Mimi ni fundi wa springi za magari ya watalii. Uvuvi nilifundishwa na mteja wangu, dereva mwenye kwao Tanga, ambaye ana boti ya injini. Alinichukua mara moja na hiyo mara moja ikaniharibu. Kuna jodari wadogo, wenye mistari iliyojipinda mgongoni, ambao husogea karibu na pwani masika yakiisha, wakati sisi huku Arusha tunaanza kutafuta masweta. Hawatulii. Wanakuja kundi zima, wanayachemsha maji kwa dakika mbili wakila dagaa, halafu kimya. Unageuza shingo, kumbe wameshaibukia kule mbali. Nyama yao ni nyekundu na ina damu nyingi, si ya kujivunia, na wengi nawarudisha majini wakiwa hai. Ninachokifuata ni kule kukimbizana tu. Nimewahi kuacha gari la mteja juu ya jeki siku nne kwa ajili yao, na mteja akiwa na wageni uwanja wa ndege. Najua ni ujinga. Kujua hakujanisaidia.

Tulifika Tanga jioni tukalala gesti. Asubuhi saa tatu maji yalikuwa yametoka mbali sana. Baba alikuwa amevaa koti lake la kijivu la kanisani, kwa sababu safari ni safari. Tulitembea juu ya mchanga uliolowa hadi kwenye mwamba mpana, mbali kidogo na ufukwe, mimi nikikokota kayaki ya kukodi kwa kamba. Katikati ya njia tulivuka bonde dogo lenye maji ya kifundo cha mguu. Baba akacheka alipoyakanyaga. Alionja kwa kidole, akatema, akaniuliza ni nani aliyemwaga chumvi yote ile.

Mtu aliyekulia mlimani Meru anajua maji yanayoshuka tu. Yanatoka juu, yanapita shambani kwake, yanakwenda. Maji yanayoondoka halafu yakarudi hajapata kuyaona, na hakuna wa kumsimulia. Mimi nilikuwa nayajua. Nilikuwa na saa za kujaa na kupwa kwenye simu yangu. Sikumwambia, si kwa ubaya, ila haikunijia akilini kwamba kuna mtu asiyejua.

Nilimkalisha juu ya ndoo niliyoipindua, nikamwekea begi langu miguuni. "Baba, kaa na vitu vyangu hapa. Usitoke. Nakuja sasa hivi."

"Nenda," akasema. "Mimi nipo."

Nilianza kurusha chambo nikiwa nimesimama ukingoni mwa mwamba, hatua kumi kutoka kwake. Kundi likaibuka mbele yangu, nikarusha fupi. Likaibuka tena, mbali kidogo, nikarusha na upepo ukarudisha chambo. Nikaingia kwenye kayaki. Nilipiga kasia kuwafuata hadi mabega yakaniwaka moto, na kila nikifika wao wameshaondoka. Ndipo rafiki yangu dereva akatokea na boti yake, anapunga mkono kama mwendawazimu. "Panda! Wako huku nje, wamejaa!"

Nilitazama nyuma. Ningependa kuandika kwamba sikutazama, kwamba nilisahau kabisa, lakini nilitazama. Nilimwona baba amekaa, amenyooka, mkono mmoja juu ya begi. Nikajiambia mzee ametulia. Nikaifunga kayaki nyuma ya boti, nikapanda.

Tulikimbizana nao kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Nilipata wawili, na wa pili alivuta uzi hadi nikapiga kelele za furaha. Ile furaha naionea aibu mpaka leo, maana ilikuwa ya kweli. Tulipokuwa tunakunywa maji, rafiki yangu akauliza, "Mzee wako yuko wapi?"

"Nimemwacha kwenye ule mwamba."

Alisimama, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kule tulikotoka.

"Mwamba upi?"

Nakumbuka bahari ikiwa sawasawa, bluu, imefika hadi chini ya minazi, na hakuna chochote kinachochomoza juu yake. Nilivua shati kama mtu anayekwenda kuogelea, na boti bado iko mbali kabisa. Nilimwita Mungu kwa Kimaasai, lugha ambayo sijaitumia kusali tangu utotoni.

Tulimkuta kwenye kibanda cha akina mama wanaouza pweza. Alikuwa amefungwa khanga mbili, suruali yake imeanikwa kwenye kamba, anakunywa chai ya tangawizi. Koti la kanisani lilikuwa limetandazwa juu ya mawe, linachuruzika. Begi langu lilikuwa pembeni yake, kavu kabisa.

Mama mmoja, mwenye fimbo ya kuchokolea pweza bado mkononi, ndiye aliyenipokea. "Wewe kaka, huyu ni babako wa kukuzaa au umemuokota njiani? Tumempigia kelele atoke, hatoki. Anasema mwanangu kaniambia nisitoke. Lile bonde lishajaa, yeye kasimama tu, begi kichwani, maji kifuani! Nimemvuta mkono kwa nguvu, na kuogelea kwenyewe hajui. Umemweka pale kama nanga?"

Wenzake walicheka, kile kicheko cha watu ambao hofu ndiyo kwanza imewatoka. Nilitaka kupiga magoti. Baba akaweka kikombe chini, akanisogezea begi. "Vitu vyako hivi hapa," akasema. Mtu aliyechunga ng'ombe tangu ana miaka mitano, akiambiwa kaa na kitu, anakaa nacho. Nilikuwa nimelijua hilo maisha yangu yote.

Njia nzima ya kurudi Arusha hakusema neno juu ya maji. Nilijiandaa kwa hasira ya mama. Lakini tulipofika nyumbani, ndugu wamejaa uani, baba akaketi, akapewa maziwa, akaanza kusimulia. Maji yalivyokuja kutoka nyuma yake. Yalivyopanda. "Na huyu," akanielekezea kidole, "akaja akanishika mkono, akanitoa." Mama akanikumbatia mbele ya watu wote, analia. Nilikuwa na nafasi ya kusema na nikaimeza pamoja na maziwa.

Jumapili ya pili yake alipeleka shukrani kanisani, kondoo dume mnene aliyekuwa amemtunza kwa ajili ya Krismasi. Akasimama mbele ya usharika na lile koti, limepauka kwa chumvi, akatoa ushuhuda uleule. Mchungaji akaniita nisimame, kwaya ikaimba, nikapigiwa makofi. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka pale nje, nilipandisha bei ya yule kondoo kama kichaa, nikidhani nikimnunua mimi mwenyewe nitapata nafuu. Watu wakazidi kunisifu. Nilimpakia kondoo kwenye gari, moyo ukiwa palepale.

Gari tuliliacha chini barabarani, na tulipokuwa tunapanda kwa miguu na baba kuelekea nyumbani kwake, katikati ya migomba, nilisimama. Nikamwambia, "Baba, si mimi niliyekutoa. Mimi nilikuwa kwenye boti. Nilikuona umekaa, nikakuacha."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani mimi kipofu? Nilimshika mkono yule mama, unafikiri sikuona kwamba si wewe?"

"Sasa kwa nini unasema vile, mpaka kanisani?"

"Ningesema ukweli, mama yako angekubali unichukue tena?"

Akaendelea kupanda polepole, ananyoosha goti kila hatua, na akaanza kunieleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu mwingine. Kabla maji hayajawa mengi, alisema, wale samaki wangu walikuja. Walizunguka mwamba wote. Walipita karibu na miguu yake, wanang'aa, wengi kama kundi la mbuzi wanaowahi maji. Alinipungia mkono nije niwaone lakini nilikuwa mbali. "Sitawala," akasema. "Ila nataka kuwaona tena."

Nilimwahidi. Nilimwahidi pale pale, na nilimaanisha.

Huo ulikuwa mwaka jana. Mwaka huu baridi imeanza tena, mawingu yanakaa Meru mpaka mchana, na mimi nimeshakwenda Tanga mara mbili, peke yangu. Mke wangu nilimwambia ninafuata vipuri. Najidanganya kwamba naogopa yasijirudie, kwamba ni kwa ajili ya usalama wa mzee. Ukweli nikiusema wote, ni kwamba baba akiwa pale ufukweni itabidi nikae naye, na nikikaa naye siwezi kuwakimbiza.

Safari hii ya pili alinipigia simu asubuhi, nimesimama kwenye maji ya magoti. Nilifunika simu kwa kiganja asisikie mawimbi.

"Samaki wako wamefika?"

"Bado, baba. Mwaka huu wamechelewa."

"Wakifika niambie. Nimenunua raba pale Kaloleni, za kukanyagia mawe. Zinanibana, lakini nashinda nazo humu ndani ili zilegee. Mama yako ananicheka."

"Sawa, baba."

Alikuwa bado anaongea, nadhani kuhusu zile raba, wakati maji yalipochemka upande wangu wa kushoto, karibu kabisa. Nikakata simu, nikarusha.