Mbuzi wa Kumaliza Maneno

Nikiwa mdogo kule Magu, baba yangu alikosa kwenda kuchimba kaburi la jirani. Alikuwa akimtafuta ng'ombe aliyepotea, mwekundu, pembe moja imepinda chini, mkorofi mno. Mama alikuwa akisema yule hakuzaliwa, alitumwa. Lakini hayo tuyaache. Wazee walimwita baba wakamtoza mbuzi. Hakujitetea. Alisema, "Nimekosa," mbuzi akachinjwa, wakala wote, hata wafiwa. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo lile, na ambaye angelitaja angetozwa yeye. Shuleni nilikaa miaka miwili tu, sikushika kitu, ila hilo nililishika: ukikosa unakubali, mnakula, limekwisha.

Nikaja nalo Mwanza. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni. Minofu ilikwenda Ulaya, sisi wa Mkolani tukala mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki. Ukiyakaanga vizuri si mabaya. Mwanangu wa pekee alipata kazi ya kuosha sakafu kiwandani. Siku moja wakakuta bondo ndani ya buti lake, kile kifuko cha tumboni mwa sangara kinachouzwa ghali kuliko samaki mwenyewe. Nilimkuta mahabusu.

"Baba, sikuchukua. Buti zetu zinakaa pamoja, mtu ametumbukiza."

"Ukibishana na wakubwa utaozea humu. Sema umekosa, tumalize."

"Lakini sikukosa."

"Mimi ni baba yako au si baba yako?"

Mahakamani akasema ni kweli aliiba. Faini tukalipa. Jumapili nikachinja mbuzi, nikamwalika msimamizi wake wa kazi. Alikula, akafuta mdomo, akasema, "Mzee, kama mbuzi ndiye huyu, kijana na aibe tena!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mwanangu akainuka kwenda kunawa mikono, na chakula hakuwa amekigusa.

Basi akaacha kiwanda. Mchana alibeba magunia ya mchele sokoni, jioni akasoma, miaka, mpaka akafaulu. Chuo cha uuguzi kikamwita kwa barua. Kikataka karatasi ya polisi kuonyesha kwamba hajawahi kutiwa hatiani. Alikwenda wakampaka wino vidole vyote kumi, na karatasi ikaja imeandikwa: wizi, alikiri kosa. Chuo kikasema hakimpokei ikiwa hivyo.

Mimi sikuogopa hata kidogo. Nilimfuata yule msimamizi, naye, Mungu ambariki, alikubali. Tukaenda mahakamani watatu. Karani alikuwa binti mpole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja mfute jina la kijana wangu. Mwenye mali huyu hapa. Tulikula mbuzi, yakaisha."

"Ni kweli," msimamizi akasema. "Hatuna neno naye."

Binti akasoma faili muda mrefu.

"Baba, mbuzi wenu huku hayupo. Hili linakaa. Hata rufaa, muda umepita." Akafungua tena ukurasa. "Tena alikiri mwenyewe. Buti za watu wote mahali pamoja, hakuna aliyemwona... Angekataa tu, nadhani angeachiwa. Nani alimwambia akiri?"

Nilimtazama msimamizi. Msimamizi akatazama kofia yake. Aliyejibu ni mwanangu.

"Niliamua mwenyewe, dada."

Tukatoka. Msimamizi akaaga haraka. Nilitaka kumwomba radhi mwanangu, nikashindwa nianzie wapi, maana kwetu mzazi hamchinjii mwanawe mbuzi wa namna hiyo. Nikasema, "Twende nyumbani, mama yako amepika."

Akaikunja barua ya chuo, akaitia mfukoni mwa shati langu, akaupigapiga mfuko ule kama anayemtuliza mtoto.

"Tangulia, baba."

Akashika njia ya kwenda kwenye kivuko cha Kamanga, mikono mitupu, wala hakuwa na haraka. Nilimtazama mgongo mpaka watu waliokuwa wakipanda wakamfunika. Hajarudi.