Mtambo Uliomzoea Mama Mkwe

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni fundi mitambo wa redio ndogo ya mtaani, na kumtoa neno ni kama kumng'oa jino. Tangu nihamie kwake baada ya kufiwa, mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo na marahaba, basi. Binti yangu alidai ni haya. Haya gani hiyo? Nilijua fika ananisubiri niondoke, na jambo hilo liliniuma.

Redio yenyewe iko uani kwetu: mtambo bandani, antena juu ya paa la zege. Siku moja alijikaza akanieleza kwamba viwili hivyo ni lazima vipatane. Visipopatana, nguvu inayotumwa juu inakataliwa, inarudi ilikotoka, na mtambo hujizima usiungue. Kazi yake ni kuvisuluhisha. Anazungusha swichi za kisanduku kilicho katikati yao mpaka mshale wa mita inayopima nguvu inayorudi ulale.

Alipofunga antena mpya, nyumba ilikuwa tanuri. Nikapanda paani na kiti changu cha chuma, nikakaa pembeni ya antena nikipunga upepo. Huko bandani akazungusha weee, mshale ukalala. Nikashuka kunywa chai, redio kimya. Akakagua kila waya, wapi. Nikarudi kukaa, redio hiyo, inaimba. Tulipanda na kushuka hivyo mpaka akaacha kutazama waya, akanitazama mimi. Kumbe mwili wa mtu ukikaa karibu na antena unaibadilisha, na yeye alikuwa amepatanisha mtambo na antena pamoja na mimi, kiti na vyote.

"Bosi anakuja kukagua kesho," akasema. "Mama, nakuomba ukae hapo."

Nikakubali. Lakini nilimpa lake: bosi akiondoka tu nafungasha, siwezi kuishi kwa mtu asiyenitaka. Kesho yake nikakaa juani na mwavuli wangu, naye akawa hatulii, mara kaniletea maji, mara mto wa kuegemea, mara nisogee kushoto kidogo.

Bosi akaja, tumbo mbele, redio mkononi inaongea safi. Akasema hawezi kuondoka bila kumsalimu mama, akapanda paani, heshima ikamponza. Aliponikaribia, redio ikakata. Akarudi nyuma, ikaongea. Akasogea, ikakata. Mkwe wangu jasho linamtiririka. Nikaona huyu atafukuzwa kazi bure.

"Baba, ni wewe," nikamwambia bosi. "Rudi nyuma."

Ikabidi mkwe wangu aeleze yote. Bosi akauliza kurekebisha bila mama kunachukua muda gani. Akajibiwa, dakika chache tu.

"Sasa kwa nini hukurekebisha tangu jana?"

Mkwe wangu akamjibu bosi huku ananitazama mimi.

"Nikirekebisha, mama ataondoka."

Bosi akakohoa. Mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka mbele ya mgeni, aibu tupu. Nikasimama, redio ikakata tena. Nikamwambia mkwe wangu arekebishe upesi, watu wanasubiri taarifa ya habari, na mimi nashuka kulala chumbani kwangu.