Bata wa Bi Dorothi

Admin, assalam alaykum. Jina langu tafadhali lifiche vizuri, maana hapa Maskati sie watu wa Unguja tunajuana wote, na mtu akinusa kidogo tu ataijua nyumba. Mie ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, nakaa Sib na baba yangu wa miaka themanini na nne. Asubuhi naenda kazini, mchana narudi jikoni. Nimechoka jamani. Nasema mapema ili mkiona nnaandika kwa hasira mnistahamilie.

Baba tangu alipotoka hospitali hali kitu. Wali anausukuma, samaki anasema ananuka, supu anaonja kijiko kimoja ili ninyamaze. Kitu kimoja tu anakitaka, nacho alikila ujanani alipokwenda kusoma Uingereza, mji mmoja wa viwanda upande wa kaskazini. Alipanga chumba kwa mama wa Kizungu aitwaye Bi Dorothi. Kila Alhamisi Bi Dorothi alikuwa akipika vibonge vya nyama, anavioka kwenye trei, na mchuzi mzito na njegere za kuponda. Kwa Kiingereza vinaitwa "savoury ducks", na baba tangu siku ya kwanza akajua ni bata, maana ndivyo jina linavyosema. Akivieleza machozi yanamlenga. "Mwanangu, laiti ungeonja bata wa Bi Dorothi!"

Na lazima mjue baba yangu ni mtu gani. Miaka mitatu Ulaya hakuonja pombe wala nguruwe, na hilo anajivunia kuliko shahada yake. Wenzake walilegea, yeye hakulegea. Anasema Bi Dorothi alimheshimu, asubuhi wapangaji wengine wakipewa nyama ya nguruwe yeye akipewa mayai matupu. Sie watoto wake tumelelewa na kisa hicho. Nilipokuwa msichana, nikivaa nguo ya kubana tu naambiwa, "Mie nilikuwa ugenini peke yangu na sikujiachia, wewe uko kwenu unashindwa?"

Basi nikanunua bata. Bata kweli, wa barafu, bei yake usiulize. Nikamuoka, nikamtilia mchuzi, njegere nikaziponda. Baba akaitazama sahani. "Huyu nani?" Nikamwambia bata. "Siye huyu." Mara ya pili nikaisaga ile nyama, nikafanya vibonge. Akatafuna, akatema kwenye kitambaa. "Wewe hujitahidi," akaniambia. Wallahi nilijifungia chumba cha kufulia nikalia.

Kazini kwetu yuko mama mmoja wa Kiingereza, mtu wa huko huko kaskazini. Wakati wa chai nikamuuliza, hawa bata wenu mnawapikaje? Akacheka mpaka akashika meza. "Mle hamna bata hata kidogo, jina tu hilo! Watu walikuwa maskini, wakajifurahisha kwa jina. Yale ni maini ya nguruwe, na moyo wake, vitunguu na mkate, unafunga kwa utandu wa mafuta yake."

Chai ilinishinda. Nikampigia kaka yangu, yeye anakaa Qurayyat, mwendo wa zaidi ya saa nzima kutoka kwetu. Akasema, "Dada, aliyekula bila ya kujua hana dhambi. Funga mdomo wako. Mpikie kwa mbuzi, ale, yaishe." Rahisi kusema ukiwa Qurayyat.

Nikafanya hivyo. Nikaenda kwa muuza nyama soko la Sib, nikataka maini ya mbuzi na ule utandu wa mafuta wa tumboni ulio kama wavu. Akanitazama kama nimerukwa na akili, maana ule yeye huutupa. Nikasaga, nikatia vitunguu na chenga za mkate, nikafunga kimoja kimoja, nikaoka. Harufu ikajaa nyumba nzima. Baba akaniita kutoka chumbani, "Nini hicho? Ee, nini hicho unachopika?"

Alikula vitatu. Vitatu! Mtu ambaye yai moja halimalizi. Akapangusa sahani kwa mkate, akafumba macho, akasema, "Ndiyo. Ndiyo wenyewe." Mie nimesimama mlangoni nalia kwa furaha, mpumbavu mie. Halafu akafumbua macho. Akakibonyeza kipande kilichobaki kwa uma, akakinusa. Baba yangu kachinja mbuzi kila Idi alipokuwa na nguvu zake, hadanganyiki.

"Mbona haya maini ya mbuzi?"

"Nimebahatisha tu, baba. Bata hukumpenda."

"Bata umeniletea mara mbili na siye. Hii ndiyo yenyewe, na hii ni ini." Akanitazama usoni. "Sasa nambie. Bi Dorothi alikuwa akinilisha ini la mnyama gani?"

Nikachukua sahani nikaenda jikoni. Nikafungua bomba, maji yakawa yanapita tu.

Hiyo ilikuwa juzi. Tangu hapo hagusi chochote, hata chai ya maziwa. Kaka anasema nimwambie ng'ombe, khalas. Leo asubuhi nikajikaza, nikaingia chumbani, nikafungua mdomo. Baba akanitangulia. "Usinambie ng'ombe," akasema. Kisha akageukia ukutani, na sauti ikamtoka ndogo, sijapata kumsikia nayo. "Alikuwa mwema kwangu, mwanangu. Yule mama alikuwa mwema sana kwangu."

Nikatoka, nikaja kukaa jikoni kuwaandikia. Nyinyi mlio na wazee majumbani, nambieni. Nikimwambia ukweli nitamvunja, na nikinyamaza ndiyo hivyo hali. Nipeni neno la kuingia nalo chumbani, maana ananiita sasa hivi.