Maua Meupe Mbele ya Duka la Vitenge

Mama anasema hapendi riwaya za siku hizi, lakini nikiacha kusoma katikati ananinunia. Duka letu la vitenge lipo Kariakoo, kwenye ushoroba mwembamba ambao fundi cherehani wa upande wa pili akinyoosha miguu, anafika kizingitini kwetu. Mchana biashara ikilala, mama huniambia, "Haya, watoe hao watu wako." Natoa kitabu nilichonunua kwa wauza vitabu wa kule karibu na Mnazi Mmoja, naanza kumsomea kwa sauti.

Riwaya ninazozipenda zina familia yenye kelele, kazi inayochosha, na mapenzi yanayomkuta mtu akiwa na shughuli nyingine kabisa. Mama hugombana na wahusika kama wapangaji wake. "Huyu mwanaume haendi kazini? Kila saa yupo dirishani." Ila kuna kitu nilishakigundua. Tukifika kwenye mapenzi, cherehani ya fundi inanyamaza. Tukirudi kwenye ugomvi wa mirathi, inaanza tena kulia. Fundi ni mgane, mpole kupita kiasi, na kwa miaka yote tuliyokaa naye hajawahi kumwambia mama neno lisilohusu pindo au zipu.

Mara hii tulikuwa na riwaya ya mhasibu mjane na dereva wa lori. Dereva alivaa suti, akampelekea yule mjane maua ofisini, akasimama pale ameganda. Mama alijifunika uso kwa kitenge. "Angalau huyu kaja," alisema. "Kuliko hao wanaokaa kimya mpaka wanazeeka." Siku hiyo cherehani ya jirani haikulia tena mpaka tunafunga.

Nami nilitamani fundi aseme. Tangu baba afariki, mama amekuwa wa mwisho kufunga duka kwenye ushoroba wetu, na si kwa sababu ya wateja. Iliniuma kumwona akikunja upya vitenge ambavyo tayari vimekunjwa.

Jumanne iliyofuata, fundi alitokea na suti nyeusi aliyojishonea mwenyewe, amekumbatia maua meupe yaliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Kariakoo maua ya namna hiyo yanaenda harusini au makaburini, na uso wa fundi haukuwa wa harusi. Alisimama mbele ya duka letu, jasho likimwingia machoni, anafikicha.

Mama lishe wa jirani ndiye aliyemwona kwanza. Akajitanda khanga, akashika kichwa. "Jamani, nani tena?"

Kabla sijanyanyuka, mkeka ulishatandikwa, mzee wa duka la vifungo alishashusha shata la mlango nusu kwa heshima, na sufuria kubwa la chai lilishabandikwa. Mama alikalishwa chini. Watu wakaanza kupita mmoja mmoja kumpa pole.

"Fundi, niambie tu," mama alisema. "Ni kaka yangu wa Masasi?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Shangazi?"

Akatikisa tena. Mama akaumaliza ukoo mzima, hadi binamu ambaye hawasalimiani, na wote wakatoka wazima.

"Sasa ni nani?"

"Ni mimi," fundi akasema.

"Umekufa wewe?" mama lishe akauliza.

"Nimeyaleta mimi." Fundi akamsogezea mama yale maua. "Ni yako. Kama yule dereva wa kwenye kitabu."

Nilikuwa na hofu kuliko fundi, maana mama hapendi kutazamwa, na hapo alikuwa anatazamwa na nusu ya Kariakoo. Akanigeukia.

"Yule mwanamke alimjibu nini?"

"Hatujafika huko, mama."

"Basi mimi simsubiri." Akanyoosha mkono, akayapokea maua, akaniagiza ndoo ya maji. Kisha akawatazama waombolezaji wake. "Na nyie, chai si imeshachemka? Mimineni."

Kile kitabu kipo chini ya meza mpaka leo, na kipande cha kitenge kimebaki kwenye ukurasa tulioishia. Nikimwambia mama tukimalizie, anasema hana muda. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kufunga duka.