Pikipiki Ndani ya Zizi la Raili

Raili alizima taa ya jikoni akaketi gizani, shoka mapajani, macho kwenye dirisha la upande wa ziwa. Mwanawe Jouni alikuwa huko nje juu ya barafu. Mkwewe Reijo alikuwa barabarani, anakuja kuua. Hakujua ni nani angefika kwanza mlangoni.

Nyuma yake, sakafuni kando ya jiko la kuni, binti yake Tuija alikuwa amekandamiza taulo sikioni. Damu ilikuwa imeshapita vidoleni na kuingia kwenye mkono wa sweta.

"Nilimwambia Jouni panda gari tuondoke wote," Tuija alinong'ona. "Akakataa. Eti hawezi kumwachia Reijo pikipiki."

"Nyamaza, mwanangu. Acha nisikilize nje."

Pikipiki hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Jouni aliinunua vuli, siku zile wauzaji wanaposhusha bei kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayenunua pikipiki theluji ikibisha hodi. Aliuza gari lake ili aipate. Ilifika juu ya trela ya rafiki yake, nyekundu kama kidonda, na usiku uleule theluji ikaanguka. Hata kuizungusha uani hakuwahi. Akaisukuma mpaka kwenye zizi lililokuwa tupu tangu Raili alipouza ng'ombe wa mwisho, akaifunika kwa blanketi la bibi yake.

Jumapili iliyofuata Reijo alikuja na mkewe kunywa kahawa. Akalifunua blanketi, akapiga mluzi.

"Hongera, shemeji. Kiti kizuri. Utakikalia mpaka mwezi wa tano ukitazama ukuta. Ng'ombe angalau anatoa maziwa."

Wote walicheka, na Jouni akacheka pia. Lakini Raili alikuwa ameolewa miaka mingi na mwanamume wa ngumi, Mungu amrehemu, na ndoa ile ilimfundisha kutazama mikono ya watu, siyo midomo yao. Mikono ya mwanawe ilikuwa imekunjwa.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Ndege walidondoka kutoka kwenye nyaya kama mawe. Jouni aliendesha mashine ya kukata miti msituni. Alitoka gizani, akarudi gizani, akala supu ya samaki amesimama, kisha akaenda zizini. Raili alimkuta huko ameketi juu ya pikipiki, koti zito mwilini, kofia ngumu kichwani, injini kimya.

"Umefika wapi leo?"

"Norwe, Mama. Naiona bahari."

"Basi niletee samaki."

Alikuwa ameapa kwamba tairi lake halitagusa lami mpaka mvua ya kwanza ioshe chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi hula chuma kama mchwa anavyokula boriti. Kila jioni Jouni alisikiliza utabiri wa hewa kama mtu anayesubiri hukumu. Kadiri alivyongoja ndivyo alivyozidi kuwa mkavu. Chungu kilichofunikwa sana humwaga mchuzi, na Raili alikiona kinachemka.

Kilimwagika mwezi wa pili. Walikuwa wametoka kuoga mvuke kwenye sauna, Reijo amelewa, akaenda zizini kabla ya wengine akaipanda pikipiki.

"Shuka," Jouni alisema.

"Au?"

"Shuka, Reijo. Sitasema tena."

Reijo alichomoa kisu cha kiunoni akakipasua kiti mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayemtumbua samaki. Jouni alichukua mtaimbo wa kuvunjia barafu akampiga nao begani, na Raili aliyekuwa mlangoni akausikia mfupa ukivunjika. Wakaangukiana kwenye nyasi kavu, wanaumana, wanang'oana nywele, mpaka alipowamwagia ndoo ya maji.

Reijo aliondoka mkono unaning'inia. Gharama ya bega lile aliilipa Tuija. Wiki haikuisha, akawa hana meno mawili ya mbele.

"Niliteleza uani," Tuija alimwambia mama yake.

"Najua kuteleza kwa namna hiyo. Mimi mwenyewe niliteleza sana." Raili akamwachia gari lake. "Ufunguo uzike kwenye pipa la unga. Mwanamume hatii mkono humo."

Jouni alikishona kiti kwa uzi wa nta, akaendelea kungoja. Theluji ikayeyuka, barabara zikaonekana, nyeupe kwa chumvi. Mvua haikuja. Watu wa kijiji waling'oa matawi ya misonobari waliyoyachomeka ziwani kuonyesha njia ya magari ya majira ya baridi. Matawi yakishang'olewa, mtu haendi tena juu ya barafu, hata ikimchekea.

Jioni hiyo simu ikalia. "Mama, Reijo ana shoka. Nimejifungia sauna."

Jouni alikuwa ameshavaa buti kabla Raili hajaiweka simu chini.

"Unakwenda na nini? Gari liko kwa Tuija."

"Ninachokwenda nacho kiko zizini."

"Barabara haina barafu, pita huko."

"Barabara inazunguka ziwa lote, atakuwa ameshamuua. Tena ina chumvi."

"Hata leo unaona chumvi!"

"Nakatiza ziwa. Asubuhi nilitoboa kuvua samaki, Mama. Barafu ni nene."

"Matawi yameng'olewa, Jouni!"

Alikuwa anaisukuma tayari. Raili akakimbia ndani, akarudi na pini za barafu, vile vipini viwili vya mbao vyenye msumari kwenye ncha, vilivyofungwa kamba moja, ambavyo kila mvuvi hujitundika shingoni ili akitumbukia ajikokote navyo. Akamvisha. Jouni akacheka. "Sasa mimi ni mzee wa kuvua." Injini ikanguruma kwa mara ya kwanza tangu vuli, na uso wa mwanawe, Mungu amsamehe, ulikuwa na furaha.

Yaliyofuata Raili aliyapata kwa Tuija, vipande vipande. Reijo alikuwa anapasua mlango wa sauna. Sikio la Tuija lilichanika ubao ulipoingia ndani. Jouni akaibuka kutoka ziwani, hakupunguza mwendo, akamgonga Reijo kwa tairi la mbele akamrusha kwenye lundo la kuni. Kisha akashuka akampiga kwa kofia yake ngumu, usoni, tena na tena. Reijo akapata gogo. Pigo moja likavunja taa ya pikipiki, jingine likampata Jouni mbavuni. Tuija alikimbilia pipa la unga. Alipotazama kwenye kioo cha gari, Reijo alikuwa anatambaa kuelekea kwenye gari lake la mizigo, na Jouni anarudi ziwani bila taa, usiku umeshaingia.

Njia ya ziwani ni fupi. Jouni alipaswa kuwa amefika wa kwanza.

Raili alipiga simu polisi. Walisema watakuja, wawe na subira, njia ni ndefu. Akalificha gari nyuma ya zizi. Akaufunga mlango kwa ndani, kisha akatoka kwa dirisha la chumba cha nyuma, akazunguka, akauegemeza ufagio mlangoni, akarudi kwa dirisha lilelile. Kijijini kwao ufagio mlangoni maana yake wenyewe hawapo, na mtu haugusi mlango. Hata wezi wa huko waliuheshimu.

"Mama, ufagio utamzuia nini Reijo?" Tuija aliuliza.

"Alilelewa hapa. Kuna mambo yanaingia mtoto akiwa hajajua kukasirika."

Taa za gari zilipiga ukutani. Mlango wa gari ukabamizwa. Hatua zikaja, nzito, moja ikiburuta, zikasimama. Raili alimsikia akipumua kwa mdomo, pua imejaa damu. Akashika shoka kwa mikono miwili. Akajiambia kwamba akiingia atapiga goti kwanza, kwa kuwa mtu asiye na goti hafiki kwa binti yake.

Reijo alikuwa anautazama ufagio.

"Mmekimbilia kwa yule shangazi yenu, siyo?" alifoka. "Nitawachoma na yeye! Unasikia, bibi kizee? Nitawachoma!"

Kioo cha dirisha la zizi kikapasuka. Yakasikika mabati yakipigwa, ndoo zikirushwa, matusi yanayotafuta pikipiki isiyokuwepo. Halafu gari likawaka, likaondoka kwa kasi likimwaga kokoto. Mlango haukuguswa.

Tuija alianza kulia. Raili hakulia. Alitazama ziwa, jeusi sasa, na kule mto unapoingilia ziwani, ambako barafu huoza kwa chini wakati juu ingali nyeupe. Mtu mwenye taa angeona rangi ikibadilika. Aliinuka akachukua koti.

"Mama, usiende! Atarudi. Kila mara anarudi."

"Na kaka yako je?"

"Ukifungua, mimi nitakufa humu ndani."

Raili akasimama katikati ya chumba, mkono mmoja kwenye koti, mwingine kwenye shoka. Watoto wawili, mlango mmoja.

Ndipo kitu kikaukwaruza mlango.

Ufagio ulianguka. Chuma kilizama kwenye mbao chini kabisa, karibu na kizingiti, kikavutwa, kikazama tena. Hakukuwa na hatua wala gari. Hakukuwa na sauti ya mtu, ila mtweto kama wa mbwa aliyegongwa.

"Ni yeye," Tuija alinong'ona, mgongo ukutani. "Ni kisu chake. Ameliacha gari mbali. Mama, nakuomba. Nakuomba."

"Nani?" Raili aliita.

Chuma kikazama upande wa kushoto. Kisha upande wa kulia. Kushoto, kulia, kama mtu anayejivuta kwa viwiko.

Raili alikaza masikio. Akasikia pia kitu kingine, mlio mdogo wa nguo zilizoganda zikivunjikavunjika kila zinapojikunja.

"Kisu huwa kimoja," alisema.

"Mama!"

"Hivi ni viwili, Tuija. Nilimvisha mwenyewe."

Hakuliweka shoka chini. Alilihamishia mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akavuta komeo. Mlango uligoma kidogo, kwa sababu kulikuwa na uzito umeuegemea, halafu ukafunguka wenyewe kwa uzito huo, na Jouni akaangukia ndani juu ya buti za mama yake, mweupe kwa barafu toka nywele mpaka magotini, misumari miwili imeganda ndani ya ngumi zake.